Harry Edwards na Mlango Mmoja Uliokuwa Wazi

Januari 1971 jarida la Sports Illustrated la Marekani lilichapisha makala ndefu ya Martin Kane iliyodai kwamba wanamichezo Weusi wanatamba kwa sababu ya maumbile yao: mifupa, misuli, hata damu ya mababu walionusurika katika utumwa. Mwaka uleule alijibiwa na Harry Edwards, mwalimu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na jibu lake linaonyesha vizuri kuliko kitabu chochote cha kiada kazi ya mwanasosholojia wa michezo ni ipi. Edwards aliacha mwili akaangalia milango. Kijana Mzungu mwenye kipaji na bidii anaweza kuelekea kwenye udaktari, sheria, benki au siasa. Kijana Mweusi mwenye kipaji kilekile anaona mlango mmoja tu ukiwa wazi, na kila siku magazeti na televisheni humwonyesha watu wa rangi yake waliopita humo. Vipaji vya jamii nzima vikisukumana kwenye mlango mmoja, watakaopenya hawawezi kuwa watu wa kawaida.

Nguvu ya hoja hiyo ni kwamba inaeleza mambo ambayo hoja ya misuli inashindwa kuyagusa. Mwaka 1970 watafiti John Loy na Joseph McElvogue walichapisha hesabu ya nani anacheza wapi katika besiboli na futiboli ya Kimarekani. Walikuta wachezaji Weusi wamerundikana pembeni, huku nafasi za katikati, zile za kuamua na kuelekeza wenzao, zikishikwa na Wazungu. Kama siri ni mwili, mbona mwili huo ufae kukimbia pembeni usifae kuongoza mchezo? Tazama pia benchi la ufundi. Jackie Robinson aliwafungulia Weusi ligi kuu ya besiboli mwaka 1947. Kocha mkuu wa kwanza Mweusi wa ligi hiyo, Frank Robinson wa Cleveland, alianza kazi mwaka 1975. Hiyo ni miaka 28, na hakuna mfupa wa mguu unaoweza kuieleza. Wanaoieleza ni watu waliokaa ofisini wakiamua nani amezaliwa kukimbia na nani amezaliwa kufikiri.

Wapo waliokataa kumwita Edwards msomi kwa kuwa alikuwa mwanaharakati kabla ya kuwa profesa. Historia yenyewe hawakuikosea. Alikulia East St. Louis, akaenda San Jose State kwa ufadhili wa michezo, akirusha kisahani na kucheza mpira wa kikapu, kisha akasomea shahada za juu Cornell. Mwaka 1967 aliongoza kuanzishwa kwa vuguvugu lililotaka Afrika Kusini na Rhodesia zifungiwe Olimpiki na Muhammad Ali arudishiwe ubingwa wake. Mgomo uliopangwa wa wanariadha Weusi wa Marekani kususia Olimpiki ya 1968 haukutimia, lakini tarehe 16 Oktoba 1968, huko Mexico City, wawili kati ya wanariadha hao, Tommie Smith na John Carlos, waliinua ngumi jukwaani, na Peter Norman wa Australia akasimama nao akiwa amevaa beji ya vuguvugu hilo. Je, mtu aliyekwisha kuchagua upande anaweza kupima kwa haki? Kipimo cha swali hilo ni siku ushahidi unapowauma watu wake mwenyewe. Siku hiyo ilifika mwaka 1983, vyuo vya Marekani vilipopitisha kanuni kwamba mwanamichezo wa mwaka wa kwanza awe na angalau alama 700 kati ya 1600 katika mtihani wa kuingia chuo. Viongozi wengi wa vyuo vya Weusi waliipinga, wakisema mtihani wenyewe una upendeleo. Edwards aliiunga mkono waziwazi, kwa hoja kwamba vyuo vinavuna miguu ya vijana na kuwaacha bila elimu, na kwamba familia nazo zinashiriki kosa hilo zinapomlea mtoto kwa ajili ya uwanja peke yake. Mpiga debe hasemi hivyo mbele ya watu wake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba baadaye alifanya kazi na wenye timu: timu ya futiboli ya San Francisco 49ers, na kuanzia 1987 ofisi kuu ya besiboli, baada ya kiongozi mmoja wa timu ya besiboli ya Dodgers, Al Campanis, kutamka kwenye televisheni kwamba huenda Weusi hawana sifa za kuongoza timu. Mshahara wa mwajiri unaweza kumfunga msomi mdomo, na hatari hiyo siipuuzi. Lakini aliyethibitisha kwamba mlango umefungwa ofisini angekwenda kuugonga wapi?

Swali la Edwards linatuhusu. Mexico City, mwaka uleule wa 1968, Kipchoge Keino alishinda mita 1500, na tangu hapo dunia imetafuta siri ya mbio za Wakenya katika damu na mwinuko wa ardhi. Keino alikuwa askari polisi. Polisi, jeshi na magereza vimewaajiri wakimbiaji kwa miongo mingi. Shule kama St. Patrick's ya Iten zimewalea, na vyuo vya Marekani vimewapa ufadhili. Hiyo ni milango, na inahesabika. Wanafunzi wa sosholojia katika vyuo vyetu waende Iten na Eldoret wakaihesabu, na wawahesabu pia vijana walioacha shule kwa ajili ya mbio na hawakuwahi kushinda hata moja.