Tumbo Limejaa, Mwili Una Njaa

Mtu akileta nyumbani mtoto wa mbwa wa kizungu hapa Buswelu, Mwanza, wa zile aina ndogo ambazo hata zikikomaa hazifiki kilo 10, majirani humpa ushauri mmoja: mpikie uji ashibe. Jioni tumbo limetuna kama ngoma, mwenye mbwa analala ameridhika. Baada ya wiki chache mbavu zinahesabika.

Tupige hesabu. Mtoto wa mbwa wa wiki 9 mwenye kilo 2 anahitaji takribani kilokalori 350 kwa siku. Ukilinganisha kilo kwa kilo, hiyo ni karibu mara tatu ya mahitaji ya mbwa mzima wa kilo 10. Uji mwepesi, gramu 100 za unga kwa lita, utamtosheleza akimaliza karibu lita nzima, yaani nusu ya uzito wake mwenyewe. Hawezi. Anajaa maji kabla hajapata chakula.

Chakula kikavu cha watoto wa mbwa huwa na kilokalori 350 hadi 400 katika gramu 100. Basi gramu 90 hadi 100 kwa siku zinamtosha: kikombe kimoja cha chai, ukigawe robo robo mara nne. Akitimiza miezi 3 ale mara tatu, na kuanzia miezi 6 mara mbili. Akiwa mchanga usimrukishe mlo. Akiba yake ya sukari ni ndogo. Akishinda njaa anaweza kutetemeka, kuyumba, hata kupata degedege. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, kisha umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Akifika miezi 5 na kilo 4, mahitaji yake ni kilokalori 400 hivi. Uzito umekuwa maradufu, chakula kimeongezeka kidogo tu, maana kasi ya kukua imepungua. Anayeongeza kikombe kwa kila kilo anafuga kitambi.

Kama cha dukani hukimudu, ziwa lipo jirani. Dagaa wa Mwaloni, Kirumba, wana protini nyingi, na kwa kuwa wanaliwa na mifupa yao, wana madini ya chokaa. Steki haina chokaa ya kutosha. Mtoto wa mbwa aliyekuzwa kwa ugali na steki tupu hupinda miguu. Waoshe dagaa mpaka mchanga uishe, wapike, wasage, changanya na ugali. Usitie chumvi wala kitunguu. Unga uliopata ukungu usimpe kabisa: sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, huharibu ini la mbwa upesi.

Kila Jumamosi mtie kwenye kikapu, mpime kwa mizani ya dukani, andika. Kisha pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza, lakini macho yasizione. Zikionekana, ongeza chakula sehemu moja ya kumi. Zikipotea, punguza vivyo hivyo. Na zikionekana huku tumbo ni duara, usikimbilie sufuria ya uji. Muulize daktari wa mifugo habari ya minyoo.