Je, Wajua Nyota Zilizomo Ndani ya Saratani?

Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alitangaza habari za uvimbe mwovu uotao katika mataya ya watoto wa Afrika, nao hata leo waitwa kwa jina lake. Asili yake ni limfosaiti B, chembe nyeupe za damu ambazo wajibu wake ni kuukinga mwili. Kipande chake chembamba kikitiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, huonekana chembe za saratani zimesongamana, nyeusi za kukaribia samawati, na katikati ya kiza hicho zimetapakaa chembe kubwa nyeupe, moja hapa na moja kule, hata matabibu wakaiita sura hiyo anga lenye nyota.

Nyota hizo ni makrofaji, chembe zilazo, za jamii ya zile alizozigundua Elie Metchnikoff huko Messina mwaka 1882, alipomchoma mtoto wa kiti cha pweza kwa mwiba wa waridi akaona chembe zimeuzingira. Tumboni mwa kila moja, ukikaza macho, utaona vipande vyeusi: ni mabaki ya chembe za saratani. Msomaji atafurahi, akidhani adui analiwa. La hasha! Kilicholiwa ni maiti. Uvimbe huu waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili, na chembe zake nyingi hufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Makrofaji huzisafisha, na kwa kuwa zilapo chembe iliyokufa kifo cha kimaumbile hazipigi mbiu kama zimezapo bakteria, bali hutoa vitu vya kutuliza mchochota na kuponya jeraha, tiba hiyo humfaidisha adui, kama ilivyodhihirika katika majaribio ya panya. Kwangu mimi, hila hii yashinda hata ile ya kujificha.

Maana kujificha nako kupo. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wa London walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe ulioletwa kutoka Uganda, na kirusi hicho, kikiwa humo, hudhihirisha takriban protini moja tu, hivyo limfosaiti T ziuazo hukosa alama ya kukitambulia.

Hata hivyo, ugonjwa huu husikia dawa mno, na wengi hupona wakiwahiwa. Basi, mzazi uonaye taya la mwanao limevimba na meno yake yanalegea, usingoje wiki ipite, mpeleke hospitali.