Diski Imejaa! Kwa Nini DVD Moja Humeza Nafasi Nyingi Hivyo?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Kuna swali ambalo limewasumbua wengi: mbona tarakilishi hugoma kuchoma video kwenye DVD, eti diski imejaa, ilhali DVD yenyewe ni kisahani tu?

Huenda ukaniambia kwamba siku hizi mambo yote ni simu na flashi. Sawa. Lakini hapa Kimumu, wapo vijana wanaorekodi harusi, mahafali na mazishi, na wateja wao wazee bado huomba DVD. Nyanya yangu, anayeishi Moiben, ana deki na televisheni, simu yake ni ya kubonyeza tu. Alipotaka kuyaona tena mazishi ya babu ya mwaka wa 2009, njia ilikuwa hiyo moja.

Kwanza tuelewe hesabu. DVD ya kawaida, ya tabaka moja, hubeba baiti bilioni 4.7. Kompyuta nyingi huihesabu gigabaiti kwa namna yake, hivyo hukuonyesha kama 4.4 tu. Usidhani umepunjwa dukani! Ile ya matabaka mawili hubeba bilioni 8.5.

Sasa tazama video yenyewe. Kanda ndogo za kamera za dijitali, zile za DV, zikinakiliwa kwenye tarakilishi huchukua takriban gigabaiti 13 kwa kila saa. Sherehe ya saa mbili basi ni 26. Deki haiwezi kuisoma video hiyo jinsi ilivyo. Ni lazima programu iibane iwe ya aina ya MPEG-2, na hapo ndipo diski inapoanza kulia.

Programu nyingi hufanya kazi kwa hatua. Hatua ya kwanza hutoa faili iliyobanwa, kama gigabaiti 4.4 ikiwa DVD itajaa. Hatua ya pili hupanga folda iitwayo VIDEO_TS, yenye menyu na vipande vya video: 4.4 nyingine. Hatua ya tatu, programu nyingine huunda nakala kamili ya DVD kabla ya kuichoma: 4.4 tena. Jumlisha na zile 26 utapata zaidi ya 39. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni diski!

Jambo la pili ni mahali. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyerekodi mazishi hayo, ana kompyuta kuukuu iliyogawanywa sehemu mbili, C na D. Kanda mbili za saa moja moja zilikwisha kunakiliwa kwenye D, na bado D ilikuwa na gigabaiti 19. Lakini programu ilikuwa ikiweka faili zake za muda kwenye C, iliyobakiwa na 6 pekee. Ikagoma. Jirani mmoja akashauri video ya kwanza ifutwe ili nafasi ipatikane. Jamani! Kanda zilikuwa zimeanza kuharibika na kamera ya kuazima ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Tungefuta ile, sauti na sura za siku hiyo zingekwenda moja kwa moja.

Dawa ilikuwa rahisi. Tuliingia kwenye mipangilio ya programu, tukaielekeza folda ya muda iende D. Ilihitaji kama 13, nazo 19 zilikuwepo. Kazi ikaisha bila kufuta chochote.

Tatu, kuna diski ambazo hukataa hata zikiwa tupu. Zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, haziwezi kupokea faili moja inayofikia gigabaiti 4. Flashi nyingi ziko hivyo. Mfumo wa NTFS hauna kikwazo hicho, lakini kuiandaa diski upya hufuta kila kitu. Hamisha vitu vyako kwanza!

Basi ukitaka kuchoma DVD, fanya hivi. Piga hesabu kabla ya kuanza. Kagua folda ya muda iko wapi. Mwaga takataka za kompyuta, maana faili iliyomo kwenye pipa bado inakalia nafasi. Ikiwa programu inaweza kuichoma folda ya VIDEO_TS moja kwa moja, usiunde nakala ya tatu. Futa faili za muda za majaribio yaliyokwama. Ile video asili usiiguse hadi DVD ichezwe kwenye deki mwanzo hadi mwisho.

Usilazimishe pia saa nyingi mno. Saa mbili kwenye DVD moja hupata kama megabiti 5 kwa sekunde, na picha huwa safi. Ukizidisha hadi saa nne, kiwango hushuka kwa nusu na nyuso huwa vigaevigae. Afadhali DVD mbili.

Mwisho, DVD nayo hukwaruzika. Weka nakala ya pili mahali pengine, kwani akiba haiozi. Anayejua kufuta ni wengi. Anayeweza kurudisha kilichofutwa ni nadra. Kwa hayo machache, naitua kalamu yangu. Kiswahili kitukuzwe!