Msonge wa biskuti: mzazi na mtoto wajenge pamoja

WENGI wanaochuuza mpakani huondoka Dabani alfajiri kuelekea Busia, mtoto akiwa usingizini. Wakirudi usiku, humkuta kalala tena.

Kwa aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya kutafuta riziki Nairobi au ng'ambo, shida ni nyingine. Mtoto yuko naye kutwa, lakini haelewi lugha ya nyanyake wala hajui ghala la nafaka ni kitu gani.

Wote wawili wanaweza kuanza na Jumapili moja jikoni, wakijenga nyumba ya biskuti za tangawizi.

Mtindo huu ni wa Ujerumani. Mwaka 1812, ndugu Jacob na Wilhelm Grimm walichapisha hadithi ya Hansel na Gretel, watoto walioachwa msituni na wazazi wao kwa sababu ya njaa, wakakuta nyumba ya mkate yenye madirisha ya sukari. Nyumba za aina hiyo huwa za pembe nne, zimepakwa sukari nyeupe mfano wa theluji.

Lakini theluji ya nini Dabani? Jengeni msonge.

Yeyusha kikombe kimoja cha sukari guru na nusu kikombe cha siagi kwa maji kidogo ya moto. Ikipoa, tia yai moja, vijiko viwili vya chai vya tangawizi ya unga na vikombe vitatu vya unga wa ngano. Kanda mpaka donge liwe gumu.

Kata vipande vyembamba kama fito, na vingine vya pembe tatu kwa ajili ya paa. Kama huna oveni, pasha moto sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, utie ndani sufuria ndogo ya biskuti, ufunike na kuweka makaa machache juu. Zikianza kuwa kahawia pembeni, epua. Ziache zikauke usiku kucha.

Kesho yake, simamisha kipande cha muwa katikati ya sinia kiwe nguzo. Panga fito kwa duara, mkiacha mlango. Gundi ni sukari iliyoyeyushwa. Hiyo ni kazi ya mzazi peke yake, kwani huunguza kuliko maji yanayochemka. Mtoto aezeke paa kwa tambi zilizokaangwa.

Hapo ndipo maswali huanza. Kwa nini nyumba ni ya duara? Nani alikandika ya babu? Mlango ulitazama wapi? Usilolijua, mtume akamuulize nyanya, arudi na jibu na jina lake kwa Kisamia.

Msikae nayo siku nyingi, maana unyevu hulegeza biskuti. Ivunjeni na kuila, paa apelekewe nyanya.

Jumatatu alfajiri safari ya Busia itaendelea. Ila mtoto akiamka, atakuwa na la kukuuliza utakaporudi, na huenda akakesha akikusubiri.