Mtu na Kazi Yake: Kuwapiga Picha Wataalamu wa Chai Kericho na Bomet

Picha ya mtu kazini, yaani ile inayomwonyesha mtaalamu akiwa mahali pake pa kazi pamoja na vifaa vyake na mwanga anaofanyia kazi kila siku, ni aina ya upigaji picha yenye kanuni zake, nayo hutofautiana na picha ya studio, ambayo humtenga mtu na mazingira yake kwa kumsimamisha mbele ya pazia, na vilevile na picha ya habari, ambayo hunasa tukio bila mpiga picha kulipanga. Katika aina hii mpiga picha na mhusika hupatana mapema, na mahali penyewe hupewa jukumu la kuthibitisha kile ambacho mhusika anakijua na anaweza kukifanya. Nyanda za chai za Kericho na Bomet, ambazo sehemu yake kubwa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, zinastahili kuangaliwa kwa jicho hilo kwa sababu ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizopigwa picha kwa wingi, ilhali wataalamu wake hawajulikani kwa sura wala kwa jina.

Mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa katika miaka ya 1920 na kampuni za Uingereza, zikiwemo Brooke Bond na James Finlay, katika eneo ambalo Wakipsigis walinyang'anywa ardhi na serikali ya kikoloni, na tangu hapo chai hiyo imetangazwa duniani kwa picha ya namna moja: mistari ya kijani inayoteremka mteremkoni, na wachuna chai wenye vikapu mgongoni wakionekana kwa mbali, wadogo, kana kwamba wao ni sehemu ya mmea. Picha hiyo ni nzuri kwa macho, lakini inaficha mengi kuliko inavyoonyesha. Shirika la ustawishaji chai ya wakulima wadogo, KTDA, liliundwa mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni ya binafsi mwaka 2000, na viwanda vinavyosimamiwa nalo, kama vile Litein na Kapkatet upande wa Kericho na Mogogosiek na Kapkoros upande wa Bomet, vinaendeshwa na karani wa kupima majani, fundi wa mitambo, msimamizi wa zamu, mwonjaji na meneja, watu ambao msomaji wa kawaida hajawahi kuwaona popote ingawa hunywa kazi ya mikono yao kila asubuhi.

Jinsi mazingira yanavyoweza kusema jambo juu ya mtu ilidhihirishwa vizuri na Arnold Newman wa Marekani, ambaye mwaka 1963 alimpiga picha Alfried Krupp, mwenye viwanda wa Ujerumani aliyehukumiwa kwa kutumia watumwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akamweka ndani ya kiwanda chake mjini Essen na kumwangaza kutoka pande mbili hadi uso ukatoka wa kutisha. Uamuzi wa mpiga picha kuhusu mwanga ulikuwa hukumu. Kwa kazi ya kawaida ya chai hukumu kama hiyo haihitajiki, lakini somo ni lilelile, kwamba hakuna mwanga wala pembe isiyoegemea upande wowote, na kwamba anayempiga fundi picha kutoka juu, akiwa amesimama ngazini, tayari amekwisha kumpunguza. Karibu zaidi na Kericho kwa maudhui ni Sebastião Salgado wa Brazili, aliyekuwa mwanauchumi wa shirika la kimataifa la kahawa kabla ya kushika kamera, na ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu wafanyakazi wa dunia aliingiza mashamba ya chai ya Rwanda.

Chumba cha kuonjea chai ndicho mahali ambapo ujuzi huonekana kwa urahisi zaidi, nacho kinahitaji kueleweka kabla ya kamera kutolewa mkobani. Kila sampuli hupimwa kwa mizani. Kanuni ya kimataifa inayojulikana kwa namba ISO 3103 hutaja gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na muda wa dakika 6 kabla ya kuimimina katika bakuli jeupe. Mwonjaji hupita kwenye safu ya mabakuli akiwa na kijiko, huvuta chai mdomoni kwa nguvu pamoja na hewa hadi sauti isikike, kisha huitema. Wapiga picha wengi huikimbilia sekunde hiyo ya kuvuta kwa sababu ina vitendo, ingawa uso huwa umekunjamana na macho yamefumbwa. Sekunde yenye ujuzi ndani yake hutangulia, pale mwonjaji anapoinama na kuiangalia rangi ya chai bakulini, kisha rangi ya majani yaliyolowa, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi unapoanza kufanyika na uso mzima unapokuwa kazini. Mpiga picha asimwombe atabasamu.

Chumba hicho kina mtego wa kiufundi ambao umeharibu picha nyingi za wataalamu weusi, si wa chai peke yao. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera kimetengenezwa kwa kudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vinatoa rangi ya kijivu ya wastani; kikikutana na koti jeupe, mabakuli meupe na kuta nyeupe, hukisia kuwa mwanga umezidi na kuitia picha giza, na uso mweusi wa mwonjaji ukageuka kivuli kisicho na macho. Dawa yake ni kuupima mwanga usoni penyewe na kuliacha koti ling'ae, ila lisipoteze mikunjo yake. Aidha, mhusika asogezwe karibu na dirisha, kwani mwanga wa ubavuni huchora uso vizuri kuliko flashi inayopigwa moja kwa moja.

Ndani ya kiwanda mambo huwa magumu zaidi. Majani hunyaushwa kwa saa nyingi kwenye mahandaki marefu yenye feni ili yapungue maji, kisha husagwa, kuchanwa na kukunjwa na roli zenye meno, na baadaye huachwa hewani yachachuke, yaani yaingiliane na oksijeni mpaka rangi ya kijani igeuke kuwa ya shaba. Msimamizi wa zamu huchota majani hayo kwa kiganja, huyaangalia na kuyanusa, kisha huamua kama yaende kukaushwa au yasubiri. Basi kamera isiyorekebishwa kulingana na rangi ya taa za kiwanda huwa imemsingizia msimamizi huyo, kwa kuwa majani yaliyofikia rangi yake huonekana mabichi au yaliyoungua, na kila mtu wa chai atakayeiona picha ataliona kosa. Taa nyingi za viwandani pia hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wa Kenya una masafa ya hezi 50, jambo lisiloonekana kwa macho lakini linaloacha mistari ya giza kwenye picha zilizopigwa kwa kasi kubwa. Kasi ya sehemu moja ya 100 ya sekunde au sehemu moja ya 50 huliondoa tatizo hilo. Mgeni huvaa koti na kofia ya nywele kama mfanyakazi, huvua pete na saa, na habadilishi lenzi katika chumba cha kuchambulia chai kavu, ambako vumbi na nyuzi nyepesi hutanda hewani.

Shambani, jua la karibu na Ikweta hupanda haraka, na kufikia saa nne asubuhi kofia za wachuna chai huwa zimeyafunika macho yao kwa kivuli kizito, hivyo wakati unaofaa ni mapema asubuhi, au chini ya mawingu yanayotangulia mvua ya alasiri. Majani nayo hurudisha mwanga wa kijani kwenye mashavu na chini ya kidevu. Lakini jambo zito zaidi shambani ni malipo. Anayechuna kwa mkono hulipwa kwa kilo, na nusu saa ya kusimamishwa kwa ajili ya picha ni majani ambayo hayakufika kwenye mizani. Mpiga picha muungwana humfuata akiendelea kuchuna, au huafikiana naye fidia kabla ya kuanza. Waendeshaji wa mashine za kuchunia ni wataalamu pia na wanastahili kupigwa picha kwa heshima ileile, ingawa mashine hizo zimezua hasira kubwa kwa kupunguza ajira, hata baadhi yake zikachomwa moto Kericho mnamo Mei 2023.

Mwaka huohuo, mwezi wa Februari, BBC ilionyesha filamu ambayo ndani yake wanawake waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho walieleza unyanyasaji wa kingono uliofanywa na wasimamizi, na sehemu yake ilirekodiwa kwa kamera ya siri. Kamera ile ilifanya kazi iliyohitajika sana. Lakini kwa sababu ya unyanyasaji huo, mfanyakazi anayeulizia picha inakwenda wapi ana haki ya kujibiwa kwa ukamilifu, na ridhaa yake iombwe faraghani, kwa kuwa kukubali mbele ya meneja si lazima kuwe kukubali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, na huruhusu ridhaa iliyotolewa iondolewe. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake.

Hakimiliki nayo huwashtua wengi. Chini ya sheria ya Kenya, picha iliyoagizwa na kiwanda huchukuliwa kuwa mali ya kiwanda hicho isipokuwa pande mbili zimeafikiana vinginevyo, kwa hiyo mapatano ya maandishi hayana budi kutaja picha itatumika wapi na kwa muda gani, kama itaendelea kutumika baada ya mhusika kuacha kazi, na kwamba jina lake na cheo chake vitaandikwa chini ya picha, iwe ni ya mwonjaji, ya fundi au ya mchuna chai, sawasawa na vinavyoandikwa vya meneja.