Fundi Bomba na Mitambo Inayojiendesha

Baadhi ya wakulima huuliza kama kuna faida kumlipia kijana ada ya ufundi bomba, ilhali mitambo inazidi kufanya kazi za binadamu. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa ada hiyo hutokana na pamba inayouzwa mara moja kwa mwaka.

Kwanza ifahamike ni kazi zipi zinazochukuliwa na mitambo. Dira za malipo ya kabla, zinazotumiwa na baadhi ya mamlaka za maji nchini, hufunga maji zenyewe salio linapokwisha. Pampu nazo huweza kuwashwa na kuzimwa na kifaa kinachopima kina cha maji tangini. Watakaopungukiwa na kazi, basi, ni msoma dira na mwangalizi wa pampu.

Kazi ya fundi bomba ni ya namna nyingine. Bomba linalovuja chini ya sakafu mjini Musoma au Bunda halina budi litafutwe, lifukuliwe, likatwe na kuungwa kwa mkono. Aidha, kazi hiyo inaongezeka. Mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022, ni wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria. Na kila nyumba inayounganishwa huhitaji fundi leo, na matengenezo kesho.

Tatizo ni ujira. Mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa mwezi. Pale ambapo kila mwenye spana hujiita fundi, bei hushuka, na asiye na cheti hukosa hoja ya kudai zaidi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha ufundi huo; vilevile hupima na kurasimisha ujuzi wa aliyejifunza kazini. Kijana ajifunze pia kufunga dira mpya na kuunga mabomba ya plastiki kwa joto.

Makatibu wa vyama wanashauriwa mambo mawili:

(a) Kuorodhesha mafundi bomba waliomo katika familia za wanachama, na kuwaeleza habari za urasimishaji huo.

(b) Ghala au ofisi ya chama inapohitaji bomba, mapatano yaandikwe: kazi, bei, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa mara mabomba yatakapojazwa maji na kuonekana hayavuji.

Kwa utaratibu huo chama kitalindwa, fundi atapata haki yake, na ada ya mzazi haitapotea bure.