Swichibodi bila neno la siri ni sanduku tu

Mzigo ulishuka Mutoyi jioni, juu ya pikapu iliyojaa magunia. Ulikuwa swichibodi ya mtumba, sanduku la kijivu lenye ukubwa wa begi la safari, lililonunuliwa Dar es Salaam na kuvushwa Kabanga na Kobero hadi Muyinga, kisha likaletwa huku milimani, kaskazini ya mji wa Gitega. Wenyewe ni wafanyabiashara watatu waliorejea kutoka kambi za Kigoma. Wana ghala, ofisi na chumba cha mlinzi, na wamechoka kupigiana kelele uani. Waliniita kwa kuwa nilikaa miaka sita kwenye swichibodi ya ofisi moja huko Tanzania.

"Mzee, itafanya kazi hii?"

Nikawauliza kama walipewa neno la siri la kuingilia programu. Wakatazamana.

Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi wanapoumia. Mwaka 1891 Almon Strowger, mzika maiti wa Marekani, alipewa hataza ya mtambo uliounganisha simu bila opereta. Mitambo ya aina hiyo ilibeba mpangilio wake ndani ya nyaya; ukitaka kubadili kitu, fundi anashika bisibisi. Kompyuta iligeuza hayo. Kampuni ya Bell ilitoa mtambo wa ofisi unaoongozwa na programu mwaka 1963, na mwaka 1975 Northern Telecom ya Kanada ikatoa SL-1, ambamo hata sauti yenyewe iligeuzwa tarakimu: inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8, yaani biti 64,000 kwa sekunde kwa kila upande wa mazungumzo. Nani anampigia nani, simu ya nje ilie wapi, yote ni jedwali ndani ya kumbukumbu ya mashine. Asiye na neno la siri hawezi kuligusa jedwali hilo.

Na faida yote imo humo. Simu ya mlinzi unaifungia ndani tu. Ya ghala inapiga Burundi peke yake. Ya meneja inaruhusiwa 00255, kwa wateja wa Ngara na Kasulu. Mashine huandika kila simu ya nje: imetoka chumba gani, namba gani, saa ngapi, dakika ngapi, na ugomvi wa mwisho wa mwezi unapungua. Laini ya kwanza ikiwa na mtu, simu inayoingia inarukia ya pili. Usiku unaielekeza kwa mlinzi. Kuna pia muziki wa kusubiri, ambao anayeulipia ni mpigaji. Mimi sijawahi kuupenda.

Hatari pia imo humo humo. Katika ofisi niliyofanyia kazi, Jumatatu moja tulikuta orodha ndefu ya simu zilizopigwa Jumamosi na Jumapili kwenda nchi ambazo hatukuwa na mteja hata mmoja. Mtu wa mbali alikuwa ameingia kwa neno la siri la kiwandani, ambalo hakuna aliyelibadili tangu siku ya kufunga mtambo, akatumia laini zetu kupiga nje. Bili ilikuja kwetu, ikalipwa.

Jambo jingine ni umeme. Swichibodi nyingi, umeme ukikatika, huunganisha laini moja ya nje moja kwa moja na simu moja ya kawaida, ile inayopata nguvu kutoka kwenye laini yenyewe. Hapa Mutoyi wenzangu walitaka laini ya nje itokane na kadi ya simu ya mkononi, kupitia kisanduku maalumu. Kisanduku hicho nacho kinakula umeme. Kwa hiyo betri lazima ilishe vyote viwili, la sivyo usiku wa giza mnabaki bubu. Radi za milimani nazo zinataka waya wa ardhini uliofungwa sawasawa, si uliofungwa kwenye msumari.

Tukafungua kifuniko. Betri ndogo ya kumbukumbu ilikuwa imevuja. Muuzaji hakupokea simu. Bahati nzuri aina ile ina swichi ya kuirudisha katika hali ya kiwandani. Jedwali la zamani likafutika, na kila simu ikawa huru kupiga dunia nzima. Nikabadili neno la siri kwanza, tukanunua betri mpya, kisha tukakaa na karatasi kuandika nani apige wapi.

Karatasi hiyo ilichukua muda kuliko nyaya. Mtunza ghala alidai Tanzania, kwa kuwa ndiye anayezungumza na madereva wa malori. Wenzake wakakataa. Mwishowe alipewa tarakimu nne za siri zake mwenyewe: akizibonyeza, simu yoyote ya ofisi inamfungulia 00255, na mashine inaandika kuwa ni yeye.